Jibu: Nipo Uyole, wakala anasema niandikiwe bei ndogo kwenye invoisi

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza forodha yetu itaendanaje na biashara ya mtandaoni, vifurushi vya posta vinatozwaje, na kama mzigo wako upite Dar au uzungushwe Nakonde, mpakani upande wa Zambia. Halafu mstari wa mwisho, kama jambo dogo tu, unasema wakala wa forodha amekushauri umwombe Mchina anayekuuzia akutolee invoisi ya pili yenye theluthi ya bei. Nilipofika hapo chai ilinipalia.

Mimi niliagiza viti vya kunyolea, vile vya kupanda na kushuka, kwa ajili ya saluni yangu Mwanjelwa, Mbeya. Wakala wangu, ambaye simtaji kwa sababu bado nina adabu kidogo, alinipa ushauri huo huo. "Kaka, kila mtu anafanya hivyo." Muuzaji hakubisha. Wale wanakuchapia invoisi ya bei yoyote unayotaka, hata ukisema ni zawadi ya harusi. Nikajiona nimepata mtu wa mjini.

Mzigo ukafika Dar. Afisa wala hakuhitaji kupanda ndege kwenda Guangzhou. Alitafuta kiti kwenye tovuti ile ile niliyonunulia, akaona bei, akaomba vitu viwili: uthibitisho wa malipo ya benki na ukurasa wa oda. Sasa hapo unatoa nini? Benki inasema umetuma hela hii, invoisi inasema theluthi yake. Ukitoa karatasi ya benki umejichongea. Ukigoma, wanakukadiria wenyewe kwa bei za mizigo kama yako iliyokwisha kupita. Mimi nilitoa, nikitetemeka.

Haikuishia hapo. Kumbe kwenye tamko la forodha, ile karatasi ya kueleza mzigo ni nini na una thamani gani, wakala alikuwa ameviandika viti vyangu kuwa vya hospitali, eti vipate unafuu. Alijua kwamba viti vya vinyozi na vya madaktari wa meno viko fungu moja la ushuru, 9402.10, akadhani atapenya. Rafiki zangu mpaka leo wakija saluni wananiuliza wakae kunyolewa au kung'olewa jino. Cheka tu, nimeshazoea.

Faini. Kodi upya kwa bei ya kweli. Storeji ya bandari kavu inahesabu kila siku huku tunaandikiana barua, na mwenye fremu Mwanjelwa anadai pango la chumba kisicho na kiti hata kimoja. Nikimpigia wakala, hapatikani. WhatsApp namwona yuko hewani, anaposti mizigo ya watu "imetoka salama". Ndaga fijo, yaani asante sana, bwana mkubwa! Ada yake alishakula, na TIN, namba ya mlipakodi, iliyokuwa kwenye tamko ilikuwa yangu. Ukiuliza nani kadanganya, mfumo unalisoma jina langu mimi.

Kwa hiyo sikia: bei uliyolipa ndiyo inayoandikwa, kwenye oda, benki, invoisi na tamko. Moja tu. Usikubali ya pili hata akuapie kwa mama yake.

Na hilo ni jibu la swali lako la forodha pia. Watu mnadhani maofisa wa forodha ndio wameachwa nyuma na biashara ya mtandaoni. Zamani mtu alibeba dola kwenye soksi, akarudi na risiti ya mkono, nani angembishia? Leo bei iko wazi kwenye simu ya kila mtu na malipo yamepita benki. Wenzetu wameshabana hata vifurushi: Ulaya iliondoa msamaha wa VAT kwa vitu visivyozidi euro 22 Julai 2021, Marekani ikafuta msamaha wa ushuru kwa vitu visivyozidi dola 800 Agosti 2025. Usidhani boksi dogo linajificha.

Kama kuna mtu wa TRA, mamlaka ya mapato, anapita humu, anisikilize. Kinachotuumiza wengine si kodi, ni kwamba mwenye mzigo anakuwa wa mwisho kujua kilichoandikwa kwa jina lake. Kabla tamko halijaenda, nitumiwe meseji: bidhaa, fungu, thamani, nibonyeze ndiyo au hapana. Meseji za bando zinatufikia mpaka saa nane usiku, hii inashindikana nini? Tena sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu kuomba uamuzi wa awali, ujue mzigo wako unaangukia fungu gani kabla hujaagiza. Mawakala hawakuambii. Ukijua, wao watauza nini?

Piga hesabu mwenyewe, mdogo wangu. Chukua bei, bima na nauli ya meli. Juu yake ushuru wa asilimia 0, 10, 25 au 35 (hii 35 ilianza Julai 2022), kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla hiyo, na tozo ndogo ndogo. Ikikuonyesha hasara, acha mzigo ubaki China.

Muuzaji bado hajachapa? Mwandikie usiku huu huu, ndani ya tovuti na si WhatsApp, ili ibaki kumbukumbu: bei ile ile ya oda, jina lako, TIN yako. Wakala akinuna, mwulize faini itaandikwa kwa jina la nani.