Kodi kwa anayejitegemea katika kazi ya ngono

Dada, umeuliza utatangazaje mapato wakati wateja wanalipa taslimu bila risiti. Anza na daftari: kila siku andika ulichopokea na ulichotumia, bila majina ya wateja. Kondomu, vilainishi, pango la chumba cha kazi, matangazo na sehemu ya bili ya simu inayohusu kazi kwa kawaida hutolewa kwenye mapato kabla ya kodi. Tunza risiti zake. Nguo unazoweza kuvaa mtaani mara nyingi hukataliwa, hata ukizinunua kwa ajili ya kazi tu. Tenga fungu la kodi siku ileile unapolipwa, maana huna mwajiri wa kukukatia.

Ila kama kazi hii ni kosa kisheria huko uliko, tafadhali muone wakili kabla ya mhasibu: fomu ukishaijaza inabaki kuwa ushahidi.