Kazi Niliyoificha Kwenye CV

Juzi usiku kijana mmoja wa Mbalizi kanitumia meseji ndefu. Ana shahada, kamaliza mwaka juzi, na ameomba kazi 64. Kazihesabu. Anasema zote zimekaa kimya isipokuwa moja tu, nayo ilimtaka atume kwanza shilingi 30,000 za vipimo vya afya. Akamalizia hivi: "Dada, niambie ukweli. Wewe ulimjua nani?"

Hilo swali la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Naulizwa sana, hasa tangu mwezi uliopita niliposaini mkataba mpya wa usimamizi wa mapokezi ya mzigo kwenye kiwanda cha parachichi, nikaweka picha. Ndiyo, niliweka picha, nimevaa koti jeupe na kofia ya neti, na sijutii. Basi nakujibu, mdogo wangu, na wengine mnaotaka kuuliza hilohilo: nilimjua dereva wa Fuso.

Nilimaliza shahada ya ununuzi na ugavi mwaka 2019. Nikarudi nyumbani Uyole, Mbeya, na begi moja na bahasha ya kaki, nikamwambia mama anivumilie miezi mitatu. Mama aliamini kuliko mimi mwenyewe. Kila Jumapili kanisani niliombewa kama "binti anayesubiri kupangiwa kazi", kama vile kuna mtu mahali fulani ameshika kalamu anatafuta jina langu kwenye orodha.

Mwaka 2020 nauruka. Hakuna cha kusimulia.

Kuna wanaosema vijana wajitolee. Nilijitolea. Ofisi moja hapa mjini, sitaitaja, miezi minane, daladala kwa nauli yangu na chai kwa hela yangu. Niliwapangia majalada ya miaka mitano yaliyokuwa yamerundikwa chini ya ngazi, panya wakiyalalia. Nafasi ilipotoka wakamchukua mtu ambaye sikuwahi kumwona hata siku moja, kisha wakaniomba nimwonyeshe majalada yalipo. Nikamwonyesha, tena kwa adabu. Mpaka leo nikipita mbele ya lile jengo naangalia upande wa pili wa barabara.

Siwaambii msijitolee. Nasema jitoleeni kwa barua. Siku ya kwanza omba barua inayosema unaanza lini, unamaliza lini na utafanya nini, na siku ya kuondoka dai nyingine ya kuthibitisha ulichokifanya. Mimi sikuwa na hata moja, kwa hiyo ile miezi minane ni hadithi tu ninayoijua mimi na wale panya. Kuna pia mafunzo ya utarajali (internship) kwa wahitimu yanayoratibiwa na serikali. Huko angalau mtu unaingia ukiwa umeandikwa mahali.

Kisha nikaitwa usaili Dodoma, kazi ya serikali. Lakini kwanza niwaambie nilivyokaribia kuikosa hata hiyo nafasi ya kuitwa. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa jina la ukoo lina "y". Kwenye cheti cha kidato cha nne lina "i". Herufi moja! Niligundua siku nne kabla tangazo halijafungwa, nikakimbia kwa wakili, nikaapa mbele yake kwamba yule wa "y" na huyu wa "i" ni mtu mmoja. Wewe unayesoma hapa, leo hii chukua vyeti vyako vyote na namba yako ya NIDA, vitandaze kitandani, usome jina herufi kwa herufi. Usisubiri tangazo, maana yale matangazo ya Sekretarieti ya Ajira mara nyingi ni wiki mbili tu yamefungwa. Na barua ya maombi uisaini. Matangazo yenyewe yanasema hati ya matokeo haipokelewi, wanataka cheti chenyewe, lakini kila mara kuna mtu anaipandisha hati ya matokeo kisha analalamika kaonewa.

Safari ya Dodoma nilikopa nauli kwa mama mdogo. Tuliondoka alfajiri, Makambako ukungu hauonyeshi hata bonge la basi linalokuja mbele, Iringa mchana, tukashuka Mtera jua linawaka kama tumehama nchi. Njia nzima nilisoma daftari za chuo. Asubuhi yake tukajaa kwenye ukumbi, kila mtu na bahasha yake, na nafasi zenyewe mnazihesabu kwa vidole. Karatasi ikaja, imejaa Sheria ya Ununuzi wa Umma. Vifungu, viwango, bodi ya zabuni inakaa lini, nani anaidhinisha nini. Mimi nimekuja na nadharia za mnyororo wa ugavi na michoro ya mishale.

Alama nilizopata siziandiki. Nimeolewa sasa, mume wangu anasoma hapa.

Hapo sina wa kumlaumu. Kama unaomba kazi ya serikali, soma sheria na kanuni zinazoendesha hiyo kazi, siyo daftari la mwaka wa pili. Wenzangu wa ununuzi, ile sheria niliyofelia ilikuwa ya 2011, sasa ipo ya 2023. Ukiingia na ya zamani utalia kama mimi. Isome, na kanuni zake uzisome.

Niliporudi ndipo nikaanza kazi ambayo nilikuja kuificha kwa miaka miwili.

Mama mdogo, yuleyule wa nauli, alikuwa anauza chai na maandazi pale wanapopakilia viazi. Kuna mnunuzi wa Dar es Salaam alitaka mtu anayejua kuandika, amshikie daftari la mzani. Malipo kwa gunia. Nikasema nakwenda wiki moja tu, nipate hela ya vocha.

Sijui kama mnajua siasa ya gunia la viazi. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Lakini mnunuzi anataka lumbesa, gunia linalojazwa mpaka mdomoni kisha linashonewa kilemba juu, na mkulima analipwa kwa gunia moja. Mkulima wa Isyonje kaamka saa kumi, kachimba kwenye tope, anaibiwa kilo 30 mchana kweupe huku wote wanacheka. Yule mnunuzi wangu, namshukuru, alikuwa ameshapigwa faini akachoka. Akaniambia pima, andika, lipa kwa kilo. Basi nikapima. Makuli walinichukia mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili wakulima wakaanza kuuliza, "Yule dada wa daftari yupo leo?" Nisipokuwepo wengine wanasubiri kesho. Nikajifunza kukata risiti ya ushuru, kupanga gari lipi lipakiwe kwanza ili viazi vya juzi visioze chini ya vya leo, kujua kwa kushika tu kiazi kipi kimechimbwa kabla ya wakati. Kwa siku nzuri magari matatu, magunia 300 na kitu, na daftari halikosei hata kilo.

Na muda wote huo nilikuwa najifunika kitenge mpaka puani nikiona daladala inapunguza mwendo. Kundi la WhatsApp la darasa letu wenzangu wanaweka picha za vitambulisho vya kazini, mimi nakaa kimya, nina udongo kwenye kucha. Shangazi yangu mmoja alisema kwenye msiba, tena kwa sauti, "Kasoma mpaka chuo kikuu, sasa anahesabu viazi." Watu wakacheka. Msibani! Sikulia pale. Nililia jikoni.

Kwa hiyo CV yangu ilikuwaje? Elimu, elimu, elimu, halafu miaka minne mitupu kama shamba lililopigwa na baridi, halafu mambo ninayopenda: kusoma vitabu na kusafiri. Kusafiri wapi? Tukuyu, hapo jirani. Nilikuwa nimeinakili CV ya rafiki yangu pale steshenari ya Mwanjelwa, na kwenye barua mbili jina la kampuni ya mwanzo lilibaki, nikazituma hivyohivyo. Niliomba kazi nyingi kwa mtindo huo. Kijana wangu wa Mbalizi, hizo 64 zako nina wasiwasi nazo.

Sasa dereva wa Fuso. Mwaka 2023 msimu wa parachichi ulikuwa umeanza, na yeye alikuwa amehama viazi, anabeba kreti za parachichi aina ya Hass kutoka Rungwe. Siku moja kapita kunywa chai, akaniambia, "Dada wa daftari, kule mapokezi ya kiwanda cha parachichi wanalia, hesabu za magari hazikutani. Nenda." Hivyo tu. Hakunipigia debe. Aliniambia mahali penye shida.

Nikaenda na bahasha yangu. Msimamizi akaisoma ile CV, akageuza upande wa pili kuona kama kuna zaidi, akauliza, "Tangu 2019 ulikuwa wapi?" Nikaanza kujing'atang'ata. Nikasema nasaidia familia. Akafunga bahasha. Nikaona anairudisha, na kwa kweli sijui nini kilinipata, nikamwambia, "Bosi, unapunjwa kwenye magari kwa sababu hamshushi watu."

Akatulia. Nikaeleza. Gari likija na mzigo linapimwa, likishapakua linapimwa tupu, tofauti ndiyo uzito wa matunda. Wajanja wanapanda utingo na makuli watatu nyuma ya kiti wakati wa mzani wa kwanza, wakati wa mzani wa pili wote wameshuka kunywa soda. Hapo umelipia kilo 200 na zaidi za binadamu kwa bei ya parachichi. Na kreti tupu nazo zipimwe, iliyolowa maji haina uzito sawa na kavu. Akaniuliza hayo nimesomea wapi. Nikasema, kwenye viazi.

Niliitwa kesho yake saa moja asubuhi. Kibarua cha msimu kwanza, siyo mkataba. Mkataba ulikuja baadaye.

Ndiyo maana hasira zinanipanda mnapouliza nilimjua nani. Wadogo zangu, mnakaa na kazi mikononi mnaziita "hamna kitu". Unashika duka la baba mdogo, unasema huna uzoefu. Unapokea maziwa ya wanakijiji kule Igurusi kila asubuhi, hujaandika popote. Andika! Andika ulipokea lita ngapi, kutoka kwa watu wangapi, zilizoharibika ulizijuaje. Andika kwa namba. Nairudia kwa sababu najua hamtafanya: kwa namba. Mwajiri wa huku kwetu, mwenye kinu cha mpunga, mwenye mbao Mafinga, mwenye chai, hana haja ya mtu "mchapakazi anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Anataka asiyeibiwa mzani. Na acheni kuona aibu, aibu haijawahi kulipa kodi ya chumba Soweto hapa Mbeya. Na hao wanaotaka 30,000 za vipimo wapeni mgongo, kazi ya kweli haiuzwi fomu.

Shangazi, kama unasoma, mwanao wa mwisho nilimpokea CV yake wiki iliyopita. Nimeipeleka mbele. Sikusema kitu.

Kijana wa Mbalizi nilimjibu jana, nikamuuliza siku zake anazimalizaje. Akasema, "Nipo tu, namsaidia baba mdogo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, lakini hiyo siyo kazi." Nikamuuliza wanauza mifuko mingapi ya saruji kwa wiki, na mingapi inagandia stoo kabla haijauzwa. Akasema ngoja akahesabu. Nimempa mpaka Ijumaa aniletee CV upya, mapokezi tunahitaji wawili. Akirudi na kusoma vitabu na kusafiri, sifungui.