Nyumba ya Coventry bado haijauzwa

Ndugu zangu, shangazi ameuliza kwenye kikao cha familia inakuwaje mtu aliyepata mnunuzi wa nyumba tangu Machi afike Julai bila kutuma hata senti ya ule msingi wa nyumba tunayojenga Kibaha. Swali ni la haki, nami nitalijibu bila kuficha.

Huku England, tofauti na Scotland wenye utaratibu wao, mnunuzi akikubali bei hajafungwa na lolote. Hakuna kuita mashahidi wawili, kutia saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa na kuhesabu fedha mezani. Mpaka mawakili wa pande zote wabadilishane mikataba iliyosainiwa, hatua ambayo kwa kawaida mnunuzi hutanguliza asilimia 10 ya bei, anaweza kuondoka bila kuaga, na mimi vilevile.

Kabla nyumba haijatangazwa nililazimika kuagiza cheti cha matumizi ya nishati, ambacho huipanga nyumba kuanzia A hadi G na hudumu miaka 10. Yangu ilipata D. Hilo lilikuwa jepesi. Kilichonikwamisha ni fomu ya maelezo ya nyumba, inayouliza mambo ambayo kwetu muuzaji angeyanyamazia: umewahi kugombana na jirani, maji yamewahi kuingia ndani, madirisha yalibadilishwa lini na cheti cha kuonyesha yalifuata kanuni za ujenzi kiko wapi. Mwaka 2015 nilimpa kazi ya madirisha ya sebuleni fundi wa bei nafuu, ambaye namba yake niliipata msibani, na cheti sikudai. Wakili wa mnunuzi ameshaandika barua tatu kuhusu madirisha mawili! Kudanganya siwezi, kwa kuwa mnunuzi anaweza kunishtaki hata akiwa ameshahamia, hivyo tunakata bima ya kumkinga iwapo halmashauri itahoji.

Kuhusu fedha zenyewe, siku ya makabidhiano wakili atailipa kwanza benki salio la mkopo, kisha dalali, kisha atakata ada yake. Kitakachobaki ndicho changu, na si ile bei mliyoiona kwenye tangazo. Kodi ya faida hainigusi, kwa sababu nimeishi humo muda wote.

Kwa hiyo mwambieni fundi asiagize kokoto mpaka nitakapowapigia kwamba mawakili wamebadilishana mikataba na siku ya malipo imepangwa.