Kutafsiri kijitabu peke yake hakutoshi

Ndugu, umeuliza kama inatosha kutafsiri kijitabu cha mazoezi kwa Kihispania kisha kuwagawia wazee wenye maumivu ya viungo. Haitoshi. Tazama Chicago, Marekani: programu ya Fit & Strong!, ya wiki 8, mara 3 kwa wiki, kila kipindi saa moja ya mazoezi na nusu saa ya mafunzo, ina toleo la Kihispania liitwalo ¡En Forma y Fuerte! Mkufunzi awe anakiongea Kihispania mwenyewe, na amwite mzee "usted" (wewe ya heshima), si "tú" (wewe ya kawaida). Ni kama shikamoo kwetu. Ukiiruka, umeshamkwaza kabla hujaanza.

Mji huohuo una programu nyingine, BAILAMOS, ambako zoezi lenyewe ni dansi: merengue, bachata, cha-cha-chá, salsa. Mimi naipenda zaidi hii. Bibi anayegoma kuinua mguu kwa kuhesabiwa moja, mbili, tatu, weka merengue uone. Hatua zake ni fupi, za kwenda pembeni, goti linakunjika kidogo tu. Anayeyumba ashike mgongo wa kiti acheze hapohapo. Ile mizunguko ya salsa iache kwanza, hadi mapaja yapate nguvu.

Na wafundishwe kipimo cha maumivu kwa lugha yao: saa 2 baada ya mazoezi, goti likiuma kuliko kabla ya kuanza, kipindi kijacho punguza. Likivimba na kuwa la moto, aache mazoezi, amwone daktari.