Maswali ya wasomaji: Je, saikosisi ndiyo kichaa?

SWALI: Mdogo wangu alilazwa hospitalini baada ya kukesha siku nne mfululizo, akisema redio inamtaja jina na chakula tunachompa kimetiwa sumu. Kwenye fomu ya kuruhusiwa, daktari ameandika kuwa alipatwa na "saikosisi". Nyumbani hatuelewani: baba anasema hilo ni jina la hospitali la kichaa, mama anasema mtoto alichanganyikiwa tu. Nani yuko sahihi, na sisi tutumie neno gani?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Wazazi wako wote wawili wamegusa jambo, ila maneno hayo matatu hayalingani.

Saikosisi ni hali ya mtu kushindwa kutenganisha yanayotokea kweli na yale yanayozalishwa na ubongo wake mwenyewe. Dalili zake kuu ni mbili: maruweruwe, yaani kusikia, kuona au kuhisi kitu ambacho wengine waliopo hawakipati, na imani potofu ambayo haitikisiki hata mtu akiletewa ushahidi wa namna gani. Tuchukue hiyo redio. Ikiwa mdogo wako alisikia jina lake hali redio imezimwa, hayo ni maruweruwe. Ikiwa redio ilikuwa ikisoma taarifa ya habari kama kawaida, naye akashikilia kwamba taarifa ile inamsema yeye, hiyo ni imani potofu. Ndiyo maana daktari huuliza maswali ambayo ndugu huyaona ya kipuuzi, kama vile redio ilikuwa imewashwa au la.

Neno lenyewe limejengwa kwa neno la Kigiriki lenye maana ya roho au nafsi, na lilienea katika tiba kupitia maandishi ya madaktari wa lugha ya Kijerumani, hasa Ernst von Feuchtersleben wa Vienna mwaka 1845. Siku hizi linataja hali, kama homa inavyotaja hali, na anayelisikia bado ana haki ya kuuliza: imeletwa na nini? Huweza kuletwa na magonjwa ya akili kama skizofrenia, baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) na sonona kali (huzuni nzito isiyoondoka), au na bangi na dawa nyingine za kulevya, kifafa, au kaswende iliyofika kwenye ubongo. Na mwanamke mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua hupatwa nayo, aghalabu katika wiki za mwanzo. Wapo wanaopatwa nayo mara moja tu wakapona, na wapo ambao hurudiwa nayo.

Hapo ndipo neno la baba linapopwaya. Kwa Kiswahili "kichaa" ni ugonjwa na pia ni mtu: tunasema "ana kichaa", na tunasema vilevile "yule ni kichaa", na huyu wa pili hubaki kichaa hata baada ya kupona. Hakuna asemaye "yule ni homa". "Majununi", lenye asili ya Kiarabu, limetokana na mzizi mmoja na "jini", na "kupagawa" ni kuingiwa na pepo, ingawa mashabiki wa mpira nao hupagawa kwa bao la dakika ya mwisho bila pepo yeyote kuhusika. Kila neno kati ya haya huja na maelezo yake ya chanzo cha ugonjwa, na maelezo hayo huamua mgonjwa apelekwe wapi kwanza.

Neno la mama lina upole, nami nalipenda, lakini mbele ya daktari linaweza kupoteza njia. Akisikia "amechanganyikiwa", daktari huweza kufikiria mgonjwa asiyejua leo ni siku gani wala yuko wapi, ambaye asubuhi ana nafuu na jioni hamtambui mwanawe. Hali hiyo huja ghafla, mara nyingi kwa sababu ya maambukizi, dawa au ugonjwa mwingine wa mwili, na ni dharura. Mwenye saikosisi kwa kawaida anajua siku, anajua yupo wapi, na huweza kukueleza kwa ufasaha kabisa kwa nini chakula kile kina sumu. Kwa hiyo mweleze daktari alichosema na alichofanya mgonjwa, na jina mwachie yeye. Nyumbani semeni "alipatwa na saikosisi", kama mnavyosema alipatwa na homa ya mapafu.

SWALI: Je, mwenye saikosisi ndiye huyo anayeitwa saikopathi?

JIBU: Hapana, ni mwanzo wa neno tu unaofanana. Saikopathi ni jina linalotumiwa kwa mtu ambaye tabia yake ya kudumu ni kutojali maumivu ya wengine na kudanganya bila kujuta. Huyo hasikii sauti, na anaujua ukweli vizuri sana. Wengi wenye saikosisi si wakatili, na wao ndio huelekea zaidi kudhuriwa na watu.