Maswali na Majibu: Unga, kiwewe na kazi ya mwanasaikolojia

Barua tulizochagua mwezi huu zimetoka Malindi na Lamu. Zote zinamhusu mtu aliyeumizwa na jambo zito likamwachia kiwewe, yaani jeraha la akili, kisha akashikwa na unga (heroini) au pombe: nani amtibu, na aanzie wapi.

SWALI: Asalaam aleikum. Nimemaliza kidato cha nne na kupata C+. Nataka kuwa mwanasaikolojia wa tiba nifanye kazi na vijana waraibu huku kwetu. Nimeambiwa kozi ya wiki sita ya ushauri nasaha inatosha. Ni kweli?
*Binti, Langoni, Lamu*

JIBU: Waaleikum salaam, mwanetu. Haitoshi. Kwa C+ unaweza kuomba nafasi ya shahada ya saikolojia, miaka 4. Hiyo nayo peke yake haikufanyi mwanasaikolojia wa tiba. Utahitaji uzamili, kwa kawaida miaka 2, wenye mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, huufundisha kupitia idara yake ya magonjwa ya akili. Kabla hujalipa karo popote, uliza mambo mawili: je, Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia inaitambua kozi hiyo? Na saa za vitendo utazifanyia wapi, ukisimamiwa na nani? Chuo kisichoweza kujibu la pili, kiache. Ukimaliza utasajiliwa chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 ndipo uanze kazi.

Kozi fupi zina faida yake baadaye. Mtaala wa kimataifa wa matibabu ya uraibu, ambao NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, imekuwa ikifundishia, hukupa mambo ambayo shahada huyapitia haraka: dawa zinavyoubadilisha ubongo, namna ya kupanga matibabu, namna ya kuzuia kurudia.

Ujue pia mipaka ya kazi. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Hiyo ni kazi ya daktari au afisa wa kliniki. Lakini lazima ajue ni lini mazungumzo yangoje. Mlevi wa miaka mingi akiacha pombe ghafla anaweza kupata kifafa kati ya saa 6 na 48, na kati ya siku ya 2 na ya 4 akaanza kuona visivyokuwepo, joto likapanda, mikono ikatetemeka. Hali hiyo huua. Mtu kama huyo usimkalishe kitini umuulize habari za utotoni. Mpeleke hospitali.

SWALI: Mimi ni mshauri nasaha katika kituo cha kurekebisha waraibu. Mteja wetu, baharia aliyenusurika mashua ilipozama na wenzake wakafa, aliombwa kwenye kikao cha kundi aeleze yote yaliyomkuta. Ilikuwa wiki yake ya pili bila unga. Alilia sana, tukaona amepata nafuu. Usiku alitoroka akaenda kudunga. Je, tungoje atimize miezi sita ndipo tuguse kiwewe?
*Mshauri, Malindi*

JIBU: Msingoje miezi sita. Fikra ya "kwanza aache, kiwewe baadaye" ilitawala muda mrefu na imewaangusha wengi. Kwa watu hawa unga ndiyo dawa ya usingizi. Ukimwondolea bila kumpa kingine, majinamizi yanarudi, naye anarudi maskani, kijiweni wanakotumia unga. Siku hizi mambo haya mawili hutibiwa pamoja. Kilichoharibika kwenu ni mpangilio, na kimeharibika mahali panne.

Kwanza ni wakati. Arosto, yaani maumivu ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, kwa heroini huanza saa 8 hadi 24 baada ya kutumia mara ya mwisho, huwa kali zaidi siku ya 2 au ya 3, na mwili huanza kutulia kati ya siku ya 4 na ya 10. Usingizi hukawia zaidi, mara nyingi kwa wiki kadhaa. Mtu asiyelala hana nguvu ya kubeba kisa kama hicho. Vipimo navyo hudanganya siku hizo: kukosa usingizi, hasira za ghafla na kushtukashtuka ni dalili za arosto na ni dalili za kiwewe pia. Siku za mwanzo pimeni matumizi kwa dodoso la ASSIST la Shirika la Afya Duniani, ambapo alama 27 na kuendelea kwa dawa yoyote humaanisha hatari kubwa. Mwili ukitulia ndipo mtumie dodoso la dalili za kiwewe, PCL-5: maswali 20, kila moja alama 0 hadi 4. Jumla ya 31 hadi 33 hushtua, ila haitoi hukumu. Dalili ziwe zimedumu zaidi ya mwezi mmoja, na mtaalamu athibitishe kwa mahojiano.

Pili ni mahali. Undani wa kisa hausimuliwi mbele ya kundi. Wanaosikiliza wana vyao, na mtu mmoja akieleza maiti alizoziona majini, wengine watatu wanaweza kutoka hapo na tamaa ya kutumia. Kundi ni la kufundishana mbinu: kutambua kinachoamsha kumbukumbu, kupumua polepole, kujirudisha kwenye sasa kwa kutaja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia. Mtaala wa mwanasaikolojia Lisa Najavits wenye mada 25 umejengwa hivyo makusudi. Hauhitaji mtu aeleze kisa chake hata kidogo, na mshauri aliyefunzwa anaweza kuuendesha bila kuwa mwanasaikolojia wa tiba.

Tatu ni jinsi kikao kilivyofungwa. Kulia sana si ushahidi wa nafuu. Katika tiba ya kukabili kumbukumbu iliyoasisiwa na mwanasaikolojia Edna Foa, kikao huchukua dakika 90. Mteja hutaja dhiki yake kwa kipimo cha 0 hadi 100 kila baada ya dakika chache, naye hurudia kisa kile kile zaidi ya mara moja huku tabibu yuko karibu. Dakika 15 hadi 20 za mwisho ni za kushuka: wamezungumza alichokigundua, amepumua, amejua anakwenda wapi akitoka. Kumfungulia mlango dhiki yake ikiwa bado 90 kwenye kipimo hicho ni kumtuma kwa muuzaji. Lipo toleo la tiba hii lililotengenezwa kwa wenye uraibu, vikao 12, ambapo kila kikao hugawanywa kati ya tamaa ya kutumia na kumbukumbu. Linahitaji mtu aliyesomea. Msilijaribu kwa kusoma tu.

Nne ni usiku. Tamaa huja saa chache baada ya kikao, kwa hiyo kifanyike asubuhi, siku ambayo kituo kina wafanyakazi wa kutosha. Mteja awe na mpango ulioandikwa: nani atakaa naye, atafanya nini akiamka saa nane za usiku.

Baharia wenu atahitaji pia kurudi baharini ngazi kwa ngazi. Akae gatini mpaka dhiki ishuke angalau nusu. Siku nyingine akae ndani ya mashua iliyofungwa. Kisha safari fupi karibu na ufuo, mchana, bahari shwari. Kila ngazi hurudiwa kabla ya kupanda inayofuata. Tunasisitiza hapa kwa sababu tumeliona likichanganywa: mbinu hii ni ya vitu vilivyo salama ambavyo hofu imevifanya kuwa adui. Maskani si salama. Usimpeleke mteja maskani ati azoee.

Akirudi kituoni, mpokeeni bila adhabu na mpimeni upya. Mwelezeni yeye na jamaa zake kwamba baada ya wiki mbili bila unga mwili umepoteza ustahimilivu, na kipimo alichokizoea zamani sasa kinaweza kumuua.

SWALI: Mwanangu anakunywa methadoni kliniki hapa Malindi. Sasa wanataka amwone mwanasaikolojia. Kama dawa inafanya kazi, maneno ya nini? Tena siku nyingine anarudi anasinziasinzia.
*Mama, Maweni, Malindi*

JIBU: Mama, methadoni ni dawa ya kutibu uraibu wa unga: huondoa arosto na hupunguza tamaa ya unga. Kumbukumbu za kipigo, kufiwa au kunajisiwa haiziondoi. Wengine huzisikia zaidi unga ukishatoka, na ndiyo sababu ya kumtuma.

Hiyo kusinzia usiinyamazie. Huenda dozi ni kubwa kwake, au anachanganya na bugizi (vidonge vya usingizi vya mitaani) au pombe. Mchanganyiko huo huzima pumzi. Waambie kliniki kesho asubuhi, na mwanao ajue unakwenda kusema. Ukimkuta anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi na haamki, mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali apewe naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya unga na methadoni mwilini. Msimmwagie maji wala msimnyweshe maziwa.

Mambo mengine matatu ya methadoni. Akikosa siku 3 mfululizo au zaidi, asipewe dozi ya zamani kabla ya kutathminiwa upya. Akianza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, methadoni hupungua nguvu na arosto inaweza kurudi, kwa hiyo kliniki zote mbili zijue. Na Ramadhani ikikaribia, azungumze mapema na wahudumu kuhusu saa ya kunywa dozi, asiamue mwenyewe kuacha.

SWALI: Nimeajiriwa Lamu mwaka wa kwanza. Mji mdogo, kila mteja ni ndugu wa mtu ninayemjua, na wazazi hunisimamisha njiani kuuliza hali ya watoto wao. Nami nimeanza kuota visa vya wateja.
*Mwanasaikolojia, Lamu*

JIBU: Kikao cha kwanza kabisa, mwambie mteja: "Tukikutana njiani sitakusalimu mpaka unisalimu wewe." Hapo Amu, mjini Lamu, usipomsalimu mtu utaonekana una kiburi, ndiyo maana lazima lisemwe kabla. Mzazi akikusimamisha, mjibu kwa heshima kwamba huzungumzii mtu yeyote nje ya ofisi, hata kusema kama unamtibu au humtibu. Habari kwa familia zitolewe kwa idhini ya maandishi ya mteja mzima, ikionyesha nini kisemwe na kwa nani. Mambo yanayoruhusu siri kutolewa ni machache, nayo mteja ayajue mapema: hatari ya kujiua, hatari kwa mtu mwingine, mtoto anayedhulumiwa. Jamaa yako wa karibu usimtibu. Mpe rufaa hata kama ni ya Malindi. Kagua pia chumba chenyewe: dirisha likiwa juu ya baraza wanapokaa wazee, hamna siri hapo.

Ndoto hizo zichukulie kama dalili. Kazi hii hujeruhi anayeifanya, hata akiwa hodari. Tunashauri vikao vya kusimulia kiwewe visizidi viwili au vitatu kwa siku, visifuatane, na upate saa ya usimamizi wa kitaaluma walau kila wiki mbili, kwa simu ikibidi, na mtu asiye bosi wako. Zikiendelea zaidi ya mwezi, au ukianza kukwepa wateja fulani, kaa nawe kwenye kiti cha mteja kwa mwenzako wa nje ya kisiwa.