Leso Iliyoanguka Mbele ya Macho Yetu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu aliyekwisha kuisoma tamthilia na kuujua mwisho wake, ana sababu gani ya kutoka nyumbani kwenda kuitazama jukwaani? Jibu langu ni Othello ya Shakespeare. Niliisoma mara tatu kabla sijaiona ikichezwa. Niliingia ukumbini nikijua nani atamuua nani, na kwa uongo wa nani. Kujua huko hakukunikinga hata kidogo, ndiko kulikoniumiza.

Kwa asiyeijua: Othello ni jenerali mweusi katika utumishi wa dola ya Venice, naye amemwoa Desdemona bila ridhaa ya baba mtu. Iago, ofisa wake, ana kinyongo kwa kuwa cheo cha luteni amepewa Cassio. Basi anamlisha mkubwa wake wivu, tone kwa tone, kwamba Desdemona anazini na Cassio, hadi Othello anamziba pumzi mkewe kitandani.

Nianze na leso, maana ndiyo iliyonikamata. Katika sehemu ya tatu, onyesho la tatu, Othello analalamika kwamba kichwa kinamuuma. Desdemona anatoa leso amfunge nayo kwenye paji la uso. Leso hiyo, iliyotariziwa stroberi, ndiyo zawadi ya kwanza aliyopewa na mumewe. Othello anaisukuma akisema ni ndogo mno, nayo inaanguka. Kitabuni ni mistari michache, jicho linapita. Jukwaani ilidondoka polepole, ikatua sakafuni, na ukumbi mzima tukaiona. Othello akasema, "Iache." Siku zote nilipolisoma neno hilo nilidhani anazungumzia kichwa chake. Mwigizaji yule alilisema huku akiitazama leso, na mkewe, ambaye alikwisha kuanza kuinama, akainuka akamfuata. Kitu ambacho kesho kingetumika kuthibitisha uzinzi wa Desdemona, mumewe mwenyewe ndiye aliyemkataza kukiokota! Nilihisi mwili wote ukinisisimka.

Aliyeiokota ni Emilia, mke wa Iago, akampa mumewe, naye akaitupa chumbani mwa Cassio iwe ushahidi. Baadaye Desdemona anamuuliza Emilia leso imepotelea wapi, naye anajibu kwamba hajui. Kisha Othello anaingia, anaidai leso, anaidai tena, sauti ikipanda. Ukisoma, Emilia humwoni hapo, kwa sababu hana la kusema, na asiye na mistari hutoweka kwenye ukurasa. Jukwaani alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwa bibi yake, mikono ameifumbata, akisikia kila neno. Neno moja lake lingeokoa maisha ya watu. Sikumtazama Othello tena. Nilimtazama yeye, nikimsihi moyoni aseme.

Sinema za Othello nimeziona, na nyingine ni nzuri kweli. Lakini kamera ndiyo huamua nimtazame nani. Ingemfuata anayefoka, na yule aliyenyamaza ningemkosa.

Halafu nikagundua kwamba hata sisi tulikuwa tumenyamaza. Iago kila mara hubaki peke yake jukwaani na kutueleza anachopanga, na katika mchezo wote hakuna mwingine anayejua kama tunavyojua sisi. Mwigizaji wetu alikuwa akisogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, anazungumza kwa upole, kama mtu anayewaamini marafiki. Kila aliporudi kwa wenzake nasi tukabaki kimya, siri ilizidi kuwa yetu.

Si mimi wa kwanza kuumizwa hivi. Kumbukumbu ya mapema kabisa ya mchezo huu kuonyeshwa ni ya tarehe 1 Novemba 1604, katika kasri la Whitehall mjini London, mbele ya mfalme James wa Kwanza. Mwaka 1610 ulichezwa Oxford, na mtazamaji mmoja, Henry Jackson, aliandika kwamba Desdemona aliwagusa watu zaidi alipokuwa amelala maiti, uso wake ukiwaomba huruma. Enzi hizo wanawake hawakuruhusiwa kuigiza katika kumbi za Uingereza, kwa hiyo uso ule ulikuwa wa mwigizaji wa kiume. Mwaka 1660 Samuel Pepys aliandika katika shajara yake kwamba bibi mmoja aliyekaa karibu naye alipiga kelele alipomwona Desdemona akizibwa pumzi. Bibi huyo nampenda sana. Alijua vyema kwamba ni mchezo, na bado hakuweza kunyamaza.

Emilia naye husema hatimaye, lakini bibi yake akiwa amekwisha kufa. Aliposema, alisema yote, mbele ya wakubwa wote, na mumewe akamchoma upanga. Othello akataka aulizwe Iago kwa nini ameinasa roho yake namna ile. Jibu la Iago kwa Kiswahili ni kama hivi: "Msiniulize kitu. Mnachokijua, mnakijua."

Kitabuni anawajibu walio mbele yake. Usiku ule mwigizaji aligeuza uso kuelekea kulekule alikokuwa akielekea usiku kucha, kwetu, akayatamka maneno hayo taratibu. Kisha akafunga kinywa, na hakusema nasi tena.